MGONGO WA MFANYAKAZI: LINI KISU, LINI SUBIRA



Katika tawi letu tulikuwa na ndugu mmoja mchukuzi wa bandarini. Jina lake hatulitaji, kwa heshima ya nyumba yake. Siku moja alikuwa akipakua saruji, mfuko wa kilo 50 begani, ubao ukateleza naye akajipinda. Alisikia kiunoni kama kitu kimekatika. Msimamizi akamwambia apumzike kivulini kidogo kisha aendelee, maana asiyemaliza zamu halipwi. Akaendelea.

Wiki ya pili maumivu yalishuka mguuni mpaka kisigino. Nyumbani wakasema ni mshipa. Akachuliwa kwa mafuta ya nazi, akaumikwa. Mwezi wa pili aliamka usiku akakuta makalio na ndani ya mapaja kuna ganzi, na mkojo hautoki. Kwa aibu hakusema. Zilipita siku 5 kabla ya kupelekwa hospitali, na siku nyingine kadhaa njiani kumfikia mpasuaji. Alipasuliwa, maumivu yakaisha. Lakini mguu mmoja na mkojo havikurudi. Daktari alitwambia, "Mngemleta usiku ule ule."

Neno hilo linatuuma mpaka leo, kwa sababu katika siku zile 5 sisi wenyewe tulikwenda kumtazama. Tulipeleka mchele na sukari, tukakaa jamvini, tukampa pole. Hatukujua swali la kumwuliza. Ndiyo maana tumeandika makala haya, ili kila mwanachama ajue swali hilo.

1. MGONGO ULIVYOJENGWA

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Chini yake iko mifupa iliyoungana mpaka kwenye kifandugu. Kati ya pingili na pingili kuna kitu kama mto mdogo: nje mgumu kama mpira, ndani laini kama nyama ya dafu. Madaktari wanakiita diski. Kazi yake ni kupokea uzito na kuuacha mgongo upinde.

Nyuma ya diski, ndani ya mfereji wa mifupa, umepita mkia wa ubongo, yaani kamba kubwa ya mishipa ya fahamu. Kamba hiyo inaishia juu kidogo ya kiuno, na hapo inatawanyika kuwa nyuzi nyingi kama ncha ya kamba ya jahazi iliyofumuka. Nyuzi hizo ndizo zinazopeleka nguvu miguuni, na ndizo zinazotawala mkojo na choo.

Mtu akiinama na kuinua mzigo huku amejipinda, uzito mwingi hukaa kwenye diski mbili za chini. Ukuta wa diski ukipasuka, ule ulaini hutoka na kubana mshipa. Ndipo maumivu ya kiuno yanaposhuka mguuni.

2. WENGI HAWAHITAJI KISU

Jambo la kwanza la kujua ni hili: wagonjwa wengi wa mgongo hupona bila kupasuliwa. Maumivu ya kiuno peke yake, bila ganzi wala udhaifu, hupungua kwa wiki chache. Hata diski iliyotoka mara nyingi hunywea yenyewe, na maumivu ya mguu hutulia katika wiki 6 mpaka 12.

Mwaka 2007 madaktari wa Uholanzi walitangaza uchunguzi wa wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa sababu ya diski. Kundi moja lilipangiwa kupasuliwa mapema. La pili lilipangiwa kungoja, na kupasuliwa baadaye kama hapana budi. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Lakini baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa sawa, na katika kundi la kungoja, walio wengi hawakuhitaji kisu kabisa.

Kungoja si kulala. Zamani mgonjwa aliambiwa alale mwezi mzima. Leo inajulikana kwamba kulala siku nyingi kunalegeza misuli na kuchelewesha kupona. Apumzike siku moja au mbili ikiwa maumivu ni makali, kisha atembee kidogo kidogo, atumie dawa za maumivu alizopewa kituoni, na asibebe mizigo. Kuchuliwa taratibu kwa mafuta hakuna ubaya kama kunamtuliza. Ubaya ni kukanyagwa mgongo na kunyongwanyongwa kiuno, na ubaya mkubwa zaidi ni kuchuliwa huku dalili za hatari zimekwisha tokea.

3. DALILI AMBAZO HAZINGOJI

Hili ndilo swali ambalo hatukumwuliza ndugu yetu. Ukimkuta mwenzako anaumwa kiuno, mwulize bila haya:

Je, mkojo unatoka kama kawaida? Je, choo unakizuia? Je, unapojisafisha, unahisi mkono wako, au kuna ganzi pale ambapo mtu angegusa tandiko akipanda punda? Je, miguu yote miwili inaishiwa nguvu? Je, kanyagio la mguu linalegea na kuburuta chini?

Mkojo ukizuiwa au ukitoka wenyewe, au ganzi ikiingia sehemu hizo, maana yake ule mkia wa nyuzi umebanwa. Mgonjwa huyo anapaswa kupasuliwa ndani ya siku moja au mbili. Kila saa inayopita inachukua kitu ambacho huenda kisirudi. Asingoje kuche wala siku ya mshahara.

Vile vile aende hospitali mapema mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa, kukonda, jasho la usiku au kibyongo kinachoota. Huenda ni kifua kikuu cha mgongo.

4. ALIYEANGUKA

Pwani yetu ina minazi, miembe na mikorosho, na kila msimu watu huanguka. Wengine huanguka kwenye majukwaa ya ujenzi au huangukiwa na mzigo. Mtu akianguka akalalamika shingo au mgongo, asiinuliwe kwa kwapa na miguu, asikalishwe, asipakiwe kwenye pikipiki kati ya watu wawili. Pingili iliyovunjika inaweza kukata kamba ya fahamu wakati wa kubebwa, na aliyeanguka akiwa na miguu mizima akafika hospitali hana.

Tafuteni mlango au ubao mpana. Watu 4 wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kichwa kikishikwa kinyooke na mwili, alazwe juu ya ubao, afungwe kwa kanga asiteleze. Apelekwe kwa gari au mashua huku amelala.

5. KIFUA KIKUU CHA MGONGO

Wengi wanadhani kifua kikuu ni cha mapafu tu. Hukaa hata katika pingili, zikaoza na kubonyea mbele, na mgongo ukaota kibyongo. Daktari Percivall Pott wa London aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779.

Habari njema ni kwamba dawa zinatibu. Uchunguzi uliofanywa Korea, Hong Kong na Bulawayo, ulioanza miaka ya 1960, ulionyesha kwamba wagonjwa wengi hupona kwa vidonge tu, huku wakitembea. Kisu huhitajika pale ambapo usaha au mfupa unabana kamba ya fahamu na miguu inaishiwa nguvu, au kibyongo kinazidi. Hata aliyepasuliwa lazima amalize dawa, ambazo kwa mgongo mara nyingi huchukua miezi 9 mpaka 12. Katika Msumbiji dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Anayeziacha mwezi wa tatu kwa kuwa amepata nafuu anajidhulumu.

6. MPASUAJI ANAFANYA NINI

Watu husema, "Akiguswa mgongo atapooza." Tueleze wazi. Mpasuaji wa diski haondoi uti. Mgonjwa hulazwa kifudifudi, amepewa dawa ya usingizi. Hupasuliwa kiunoni, kipande kidogo cha mfupa hufunguliwa, mshipa husogezwa pembeni kwa uangalifu, na kile kipande cha diski kinachobana hutolewa. Kwa wazee ambao mfereji umekuwa mwembamba, huondolewa mfupa wa nyuma ili mishipa ipate nafasi. Kwa pingili iliyovunjika au iliyolegea, hutiwa skrubu na vyuma ili mifupa ishikamane.

Hatari zipo, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa kabla hajatia sahihi: kidonda kuingia vijidudu, maji ya uti kuvuja, mshipa kuumia, diski kutoka tena. Kupooza kwa sababu ya operesheni ya diski ni jambo la nadra. Wengi tunaowaona wamepooza "baada ya kisu" walikuwa wamekwisha anza kupooza kabla, kwa kuchelewa.

Tena, operesheni ya diski hutibu zaidi maumivu ya mguu kuliko ya kiuno. Anayetazamia mgongo wake urudi kuwa wa kijana wa miaka 20 atavunjika moyo.

Kwetu kaskazini njia ni ndefu. Kutoka Palma au Mocímboa da Praia mgonjwa huanzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, huandikiwa rufaa kwenda Hospitali ya Mkoa ya Pemba, na kutoka hapo Hospitali Kuu ya Nampula au Maputo. Tangu vita vilipoingia Mocímboa tarehe 5 Oktoba 2017, vituo vingi viliharibiwa au kufungwa na barabara zikawa za hofu. Wengine huvuka Ruvuma kwenda Mtwara, na kutoka huko hufika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kwa vyovyote, karatasi ya rufaa, ile tunayoiita guia, isisahauliwe, na dalili za mkojo na ganzi ziandikwe humo, kwa sababu ndizo zinazompa mgonjwa haraka.

7. BAADA YA OPERESHENI

Kisu ni nusu ya kazi. Aliyetolewa diski kwa kawaida husimamishwa siku ya pili, na baada ya siku chache hurudi nyumbani. Atembee kila siku, aongeze mwendo kidogo kidogo. Kwa wiki 6 asiinue kitu kizito, asiiname na kujipinda, asichote maji kisimani. Kazi nyepesi huweza kuanza baada ya wiki 4 mpaka 6, na kazi nzito si kabla ya miezi 3, kwa ruhusa ya daktari. Aliyetiwa vyuma hungoja miezi 6 hata mwaka mifupa iungane, na wengine hawarudi tena kwenye gunia. Aache sigara, maana tumbaku huchelewesha mfupa kuunga. Kidonda kikitoa usaha au homa ikija, arudi hospitali.

Aliyepooza naye asihesabiwe maiti. Zamani wengi wao walikufa kwa vidonda vya kulalia na maradhi ya figo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alifungua wodi yao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, akaonyesha kwamba wanaishi na kufanya kazi wakitunzwa. Utunzaji wenyewe unafanyika hata kwenye kitanda cha kamba: ageuzwe kila saa 2, ngozi itazamwe kila siku kwenye makalio na visigino, mpira wa mkojo uwe safi, miguu inyooshwe isikakamae.

8. WAJIBU WA MWAJIRI NA WA CHAMA

Sheria ya Kazi ya Msumbiji, namba 13 ya mwaka 2023, inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi bima, yaani seguro, ya ajali za kazini na magonjwa ya kazi. Kwa hiyo mgongo ukiumia kazini, sema siku ile ile mbele ya mashahidi, na iandikwe: tarehe, saa, mzigo, mahali. Ajali isiyoandikwa ni vigumu kuidai. Mwajiri akisema kibarua hahusiki, msikubali kabla ya kuleta jambo hilo kwa chama.

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo namba 128, lilitaka kwamba pale ambapo mwanamume mzima huruhusiwa kubebeshwa zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kuushusha uzito huo. Gunia la korosho la kilo 80 linapita hapo kwa kilo 25. Toroli moja ni rahisi kuliko operesheni moja. Hilo tuliseme kila tunapokaa na waajiri, na tudai pia kwamba aliyepasuliwa apewe kazi nyepesi, si barua ya kufukuzwa.

Kila tawi lifanye mambo matatu: liweke ubao wa kubebea majeruhi mahali pa kazi, lichague watu wawili wajifunze kumgeuza aliyeumia, na kila mjumbe anayekwenda kumtazama mgonjwa wa kiuno aulize habari ya mkojo na ganzi kabla ya kutoa pole.

Mchele na sukari tutaendelea kupeleka. Lakini swali liende mbele.