Dawa za msaada nazo zina moshi wake

Msomaji, ukisikia moshi unaochafua hewa, bila shaka hufikiria matatu na viwanda. Dawa za msaada nazo zina moshi wake.

Shirika la misaada la serikali ya Marekani, USAID, lililoanzishwa 1961 na kufungwa Julai 2025, lilinunua kwa wingi dawa za kupunguza makali ya Ukimwi. Nyingi hutengenezwa India. Tani moja ikiletwa kwa ndege hutoa gesi ya kaboni zaidi ya mara 20 kuliko ikiletwa Mombasa kwa meli.

Lakini meli huchukua majuma kadhaa. Agizo likichelewa, hapana budi kutumia ndege, kwani mgonjwa akikatiza dawa, virusi huongezeka na huweza kuwa sugu. Kinga ya moshi huu ni kuagiza mapema. Chupa ya vidonge 90 pia huchukua nafasi ndogo kuliko chupa tatu za vidonge 30.

Nawe usikose tarehe yako ya kliniki: maagizo hukadiriwa kwa dawa zilizochukuliwa. Anayeagiza sasa, awe serikali au mfadhili mwingine, asingoje ghala liwe tupu.