Sukuma Wiki Kando ya Jiko

Leo tunazungumza kuhusu mboga inayojulikana karibu kila nyumba hapa Kenya: sukuma wiki.

Mboga hii ni ndugu ya kabeji. Zote mbili zilitokana na kabeji mwitu, mmea unaoota wenyewe kwenye majabali ya pwani za Ulaya. Kwa vizazi vingi, wakulima wengine walichagua mbegu ili wapate kichwa, wengine wakataka majani. Kabeji ukiikata imekwisha, lakini sukuma wiki huchumwa tena na tena.

Huenda ukauliza, kwa nini nipande ilhali sokoni ipo? Ukinunua, huwezi kujua ilimwagiliwa maji gani wala ilinyunyiziwa dawa lini. Kuosha husaidia, lakini hakuondoi dawa yote. Ya kwako unaijua, na siku pesa zikikosekana mtoto bado atapata mboga.

Huhitaji shamba kubwa, gunia moja linatosha kuanza. Usitumie gunia lililobeba dawa au mbolea ya dukani. Lijaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, na katikati weka nguzo ya mawe madogo ili maji yafike chini. Toboa matundu pande zote. Panda mbegu kwenye kitalu, kisha baada ya mwezi 1 hivi hamisha miche jioni, jua likipoa. Ukipanda ardhini, acha sentimita 45 kati ya mche na mche.

Mwagilia mara kwa mara, lakini kamwe usitumie maji taka. Geuza majani utazame upande wa chini, kwa maana huko ndiko vidukari hujificha. Waponde kwa vidole, au waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo. Ukilazimika kutumia dawa, soma kibandiko na usichume kabla ya siku zilizoandikwa kwisha. Chuma majani ya chini kwanza na uache yale machanga ya juu yakue.

Sasa twende jikoni. Osha majani kabla ya kuyakata, kwa sababu ukiosha baada ya kukata, vitamini C humwagika na maji. Pika kwa muda mfupi na mafuta kidogo, maana mafuta huusaidia mwili kupata vitamini A, ambayo hulinda macho na kumpa mtoto nguvu za kupambana na magonjwa. Ukiila pamoja na maharagwe, vitamini C iliyobaki husaidia mwili kupata madini ya chuma, yanayojenga damu.

Mtoto akitimiza miezi 6, mpondee majani laini pamoja na viazi au ugali, huku ukiendelea kumnyonyesha.

Mama, wiki hii tafuta gunia moja safi na mbegu kidogo, uanze.