Je, Wajua? Kichanga hatetemeki kwa baridi

Alfajiri ya Julai kule Makete, mtu mzima akitoka nje meno hugongana. Kutetemeka ni kazi: misuli hukaza na kulegea upesi upesi ili izalishe joto. Kichanga hawezi hivyo. Yeye huzaliwa na mafuta maalumu ya rangi ya kahawia, katikati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo, ambayo mwili huyachoma moja kwa moja kuwa joto. Akiba hiyo ni ndogo mno, na kwa mtoto njiti ni haba zaidi. Kwa hiyo akizaliwa tu, mfute akauke, mvike kofia, mlaze kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kisha wafunikeni wote wawili kwa blanketi.