Spika za Stirio Ziwekwe Wapi?

Si ajabu kumwona mtu akidunduliza mshahara ili anunue stirio kubwa zaidi, ilhali kasoro haimo mashineni, bali mahali spika zilipowekwa.

Mwaka 1931 mhandisi Mwingereza, Alan Blumlein, aliomba hati ya uvumbuzi wa sauti ya njia mbili. Masikio mawili hupokea sauti mbili, na kwa tofauti yake tukajua mwimbaji yuko upande gani. Kwa hiyo spika zisirundikwe pamoja kabatini. Zitenganishwe kama mita 2, nawe uketi mita 2 kutoka kila moja, zikiwa kimo cha masikio yako.

Zisibanwe katika pembe za chumba, kwani kuta huvimbisha sauti nzito hata maneno yakafunikwa. Kuta tupu za saruji huleta mwangwi. Mapazia mazito na zulia huupunguza. Sauti nzito ikififia, kagua nyaya: huenda chanya na hasi zimegeuzwa kwenye spika moja.

Tena, spika isiegemezwe ukuta wa jirani. Zikipangwa vema, sauti ya chini hutosha, na askari aliyekesha lindoni atalala mchana kwa amani.