Haja ndogo, haja kubwa na mgomba wa shangazi

Mvua za masika ya mwaka juzi zilikibomoa choo cha shangazi yangu kule Mogogosiek. Shimo lilijaa maji hadi kingoni, udongo ukalegea, na usiku mmoja kibanda kizima kikalala ubavu. Nilipofika kumjulia hali, nilimkuta ajuza huyo wa miaka sabini na ushei akijikongoja hadi kwa jirani kila alipobanwa na haja, mchana na usiku, kwenye njia yenye utelezi.

Lile lilikuwa shimo la tano tangu aolewe. Shamba lake halifiki ekari moja, na sehemu kubwa limefunikwa na michai. Alinionyesha yalipokuwa mashimo ya awali. Penye la kwanza umesimama mgomba mnene. "Huo haujawahi kutunyima ndizi, mwanangu," akaniambia, bila kufikiri kwamba alikuwa ametamka jambo kubwa.

Nikaona nafasi ya kumweleza juu ya choo cha ekolojia, ambacho wataalamu hukiita ekosani kwa ufupi. Choo hiki hakina shimo. Hujengwa juu ya ardhi, kikiwa na vyumba viwili vya saruji chini ya sakafu, na kikalio chake kina njia mbili: mkojo hupita mbele hadi kwenye mtungi, kinyesi huanguka nyuma, kikafunikwa kwa jivu. Chumba kimoja kikijaa hufungwa, na cha pili huanza kutumika. Wakulima wa Vietnam walihimizwa kujenga vyoo vya namna hii tangu miaka ya 1950. Hapa Kenya, mradi uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya pamoja na Sweden na Ujerumani ulivieneza kati ya mwaka 2006 na 2010.

Shangazi alinitazama kwa mshangao. "Watu wasikie kwamba mahindi yangu yamelishwa choo?"

Hapo ndipo mimi, ambaye riziki yangu ni maneno, niliponaswa. Katika Kiswahili, choo ni nyumba na pia ni kile kinachoachwa ndani yake. Ng'ombe ana samadi, na samadi ni neno lenye heshima. Mwanafunzi huliandika katika mtihani wa kilimo bila kuona haya. Binadamu hana neno la aina hiyo. Tuna msalani, maliwato, uani, kujisaidia, kwenda haja: yote ni mapazia. Hata maofisa wetu husema "usafi wa mazingira", na msikilizaji akadhani anaambiwa afagie ua. Adabu ni jambo jema, lakini jambo lisilotajika ni vigumu kulipangia fedha au kulifundisha darasani.

Na bado lugha hiyohiyo ilikwisha kutufanyia nusu ya kazi. Haja ndogo na haja kubwa tumezitenganisha katika usemi tangu zamani, na huo hasa ndio msingi wa ekosani. Nitrojeni inayotoka mwilini, takriban asilimia 80 au zaidi, imo katika haja ndogo, nayo kwa mtu mwenye afya huwa na vijidudu vichache sana. Mtu mzima mmoja hutoa karibu lita 500 kwa mwaka. Maradhi, mayai ya minyoo yakiwemo, yamo hasa katika haja kubwa. Tukizichanganya shimoni, tunaharibu mbolea na kuyapa maradhi maji ya kusafiria. Katika nyanda hizi zilizo jirani na msitu wa Mau, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima na watu huteka maji ya chemchemi zilizo chini ya miteremko, safari hiyo si ndefu.

Sisemi kwamba mambo ni mepesi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka kinyesi kihifadhiwe mwaka mmoja na nusu hadi miwili mahali penye baridi ya chini ya nyuzi 20, na Mogogosiek ni mahali pa baridi. Mkojo nao huchanganywa na maji, humwagwa udongoni wala si juu ya majani, na mwezi mzima upite kabla ya kuvuna. Tena usipelekwe kwenye michai: masharti ya vyeti vya kimataifa vinavyotegemewa na viwanda vingi vya chai hayaruhusu uchafu wa binadamu. Lakini kuna mahindi, migomba na majani ya ng'ombe. Mwaka 2022, gunia la kilo 50 la mbolea ya DAP lilipita shilingi 6,000. Mwenye kuyakumbuka maumivu hayo hahitaji hotuba yangu.

Walimu wenzangu wataniwia radhi kwa hili. Nimewahi kuzuru shule moja, ambayo sitaitaja, iliyojengewa vyoo hivi kwa gharama kubwa. Niliikuta milango imefungwa kwa kufuli, ndani mmepangwa kuni. Hakuna aliyewaeleza wanafunzi kwamba maji hayatakiwi kuingia kule nyuma, wala nani ataleta jivu. Wasichana walikuwa wamerudi kupanga foleni kwenye vyoo vya shimo vilivyokaribia kufurika. Jivu lilikuwa limerundikana nyuma ya jiko la shule, hatua arobaini kutoka pale.

Kwa shangazi niliacha kulitaja neno choo. Nilimuuliza tu kwa nini ule mgomba wa shimo la kwanza umewashinda wenzake wote. Akanyamaza, kisha akacheka hadi akaushika mkongojo kwa mikono miwili. Alipotulia, aliuliza jivu la jiko lake lingetosha watu wangapi, na kama yule jirani mwenye choo angeruhusiwa kuja kusikiliza.