Mtoto Akianguka Mtihani, Kosa ni la Mwalimu?

Mwezi wa Januari nilikuwa Miyuji, hapa Dodoma, pamoja na wanakisomo wangu. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagonga mbao. Mama mmoja akatoa karatasi. Yalikuwa matokeo ya mwanawe wa Kidato cha Pili. Aliyasoma mwenyewe, polepole, bila kusaidiwa: Kiswahili C, Hisabati F, Fizikia F. Chini yake F nyingine.

"Mwalimu, hii F maana yake nini?"

Nikamwambia maana yake ni kuanguka, na kwamba kwa F nyingi kama zile mtoto atarudia kidato.

Mama akakunja karatasi. "Basi huyo mwalimu wa Hisabati afukuzwe."

Mzee mmoja akadakia kutoka nyuma: "Achapwe kwanza, ndipo afukuzwe!"

Watu wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka, maana katika nchi yetu walimu wamewahi kuchapwa kweli.

Ilikuwa Februari 2009, wilayani Bukoba, mkoa wa Kagera. Shule za msingi zilikuwa zimefanya vibaya katika mtihani. Mkuu wa Wilaya akaagiza polisi, na walimu 19 wa shule tatu wakachapwa viboko. Walilaumiwa kwamba wanachelewa kazini, hawafiki shuleni, na hawafundishi kama mtaala unavyotaka. Nchi nzima ilishtuka. Baada ya siku chache Rais Kikwete akamwondoa kazini Mkuu wa Wilaya huyo. Wakati ule mimi nilikuwa chuoni, nasomea ualimu. Tulilisoma gazeti lile mara mbili mbili, hatuamini.

Lakini tukiiacha fimbo pembeni, je, lawama yenyewe ilikuwa ya bure? Hapana. Mwaka 2010 watafiti walipita katika shule za msingi za Tanzania bila kutoa taarifa. Walikuta karibu mwalimu mmoja kati ya wanne hayupo shuleni. Tena, ukihesabu walimu wote, nusu yao hivi hawakuwa darasani. Wengine walikuwapo shuleni, lakini nje ya darasa. Watoto wamekaa, ubao mtupu. Huenda mwalimu ni mtoro. Huenda yuko mjini anafuatilia madai yake, au anauguza mtoto. Kwa mwanafunzi ni mamoja: siku hiyo hakufundishwa.

Sasa sikilizeni habari nyingine. Mwaka 2012 vijana wa Kidato cha Nne walifanya mtihani wao. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu walikuwa wamepata sifuri. Watu wengi wakawanyoshea kidole walimu. Serikali ikaunda tume, mwenyekiti wake Profesa Sifuni Mchome. Tume ikakuta mambo mengi, na mojawapo ni hili: mwaka ule namna ya kupanga madaraja ilikuwa imebadilishwa. Mei 2013 Serikali ikatangaza kwamba matokeo yale yanafutwa na kupangwa upya kwa utaratibu wa zamani. Maelfu ya vijana wakatoka kwenye sifuri. Hebu fikirini, walimu walewale, vijana walewale, majibu yaleyale, lakini daraja jingine! Hata hivyo, walioanguka walibaki zaidi ya nusu. Kwa hiyo upangaji wa alama ulikuwa sehemu ya ugonjwa, si ugonjwa wote.

Ugonjwa mwingine ni lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya hapa kwetu husoma kwa Kiswahili. Akiingia sekondari, Hisabati na Fizikia anafundishwa kwa Kiingereza. Anaweza kuulizwa jambo analolijua, kwa lugha asiyoijua. Anakaa kimya, na mwalimu anadhani ni mjinga.

Tena walimu wenyewe ni wachache. Shida hii ni ya zamani. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi, na mwaka 1977 milango ikafunguliwa. Walimu hawakutosha, ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wafundishwe ualimu huku wanafundisha. Baadaye, tangu mwaka 2004, tukajenga sekondari za kata kwa haraka. Kuta zilisimama upesi kuliko walimu walivyoweza kuandaliwa, hasa walimu wa Hisabati na sayansi.

Na njaa je? Sisi wa Dodoma tunaijua miezi ya kabla ya mavuno. Mtoto anatoka nyumbani alfajiri bila hata uji, anarudi jioni. Hapo mwalimu afanye nini?

Basi siku ile nilimwambia yule mama: "Kabla ya kumfukuza mtu, kesho tuletee daftari la Hisabati la mwaka jana."

Akalileta. Tukalipitia wote. Kusoma daftari si lazima ujue Hisabati. Tazama tarehe: kila siku ya kipindi ina tarehe yake. Tazama wino mwekundu: ndio mkono wa mwalimu, unaonyesha kazi imesahihishwa. Tazama pia kama mtoto alirudia pale alipokosea.

Tukakuta mazoezi sita mfululizo hayana wino mwekundu hata nukta moja. Mama akanitazama kwa ushindi. "Si nilisema?"

Tukaendelea kufunua. Aprili ilikuwa na tarehe tatu tu. Nikamuuliza mtoto alikuwa wapi. Mama akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Shambani. Alikuwa anaamia ndege kwenye uwele." Yule mzee wa nyuma hakusema kitu. Nadhani na yeye ana wajukuu.

Jumatatu mama akaenda shuleni na daftari lake kwapani. Hakwenda na maneno ya kufukuza mtu. Alifungua kurasa, akauliza. Mwalimu akakiri kwamba hakusahihisha. Darasa lake lina watoto zaidi ya tisini, na anafundisha vidato vitatu peke yake. Wakapatana: yeye atasahihisha zoezi moja kila Ijumaa, na mama atatia sahihi chini yake, kwa jina lake alilojifunza kuliandika. Mama naye akaahidi kwamba mtoto hatakosa shule kwa ajili ya shamba.

Tangu hapo ameniletea daftari mara mbili. Ijumaa moja ilirukwa, akaenda kuuliza. Kinachomsumbua sasa ni Aprili inayokuja. Uwele ukianza kukomaa, hajajua nani ataamia ndege.