Paa Lililokatwa, Dhamana Isiyoandikwa

Toyota Land Cruiser ya toleo la 70, farasi wa utalii wa kaskazini mwa Tanzania, haitoki Japani ikiwa na tundu darini. Kila unayoiona ikivuka geti la Ndabaka, upande wa magharibi wa hifadhi ya Serengeti, asubuhi, wageni wamesimama na kamera zao juu ya bodi, ilikatwa paa na fundi wa hapa Afrika Mashariki kwa grenda, ikachomelewa fremu, kisha ikafungwa paa la kuinuka ambalo madereva wa watalii huliita popapu. Toyota iliitoa gari hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1984 bila tundu hilo. Tundu ni mchango wetu, na dhamana ya tundu hilo ni yetu pia.

Kutoka Mwanza mjini hadi Ndabaka ni kama kilomita 140 kwa lami ya kuelekea Musoma, ukipita Kisesa, Magu na Lamadi. Umbali huo mfupi ndio unaoulisha ufundi wa mapaa kanda ya ziwa. Mkazi wa Nyegezi au Pasiansi anaweza kuondoka alfajiri, akaona nyumbu na viboko wa mto Grumeti, akarudi kulala kwake. Vikundi vya maofisini, shule na makanisa vinafanya hivyo kila msimu, na havikodi Land Cruiser za Arusha. Vinakodi Noah na Hiace za hapa hapa, na mwenye Noah anajua kwamba yenye popapu hukodishwa haraka kuliko isiyokuwa nayo. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wateja wa Sengerema, Geita na kwingineko ng'ambo ya ghuba hawasubiri tena kivuko. Soko limepanuka.

Safari si soko pekee. Wapo wenye harusi wanaotaka bibi na bwana watokeze juu ya gari msafara unapozunguka mjini. Wapo wanasiasa: katika nchi zetu mgombea husalimia watu akiwa amechomoza kiunoni juu ya gari, na Raila Odinga na William Ruto waliufanya mtindo huo kuwa sura ya kampeni za Kenya. Halafu wapo vijana walionunua Harrier, Forester au Mark X isiyo na sanrufu, wakaiona ya jirani inayo, wakataka nayo. Hawa wa mwisho hununua kioo, mota na reli zake kutoka kwenye magari yaliyochinjwa Japani au Dubai, kisha wanatafuta fundi bodi wa kuchana paa kwa kipimo cha kioo walichokipata. Yaani kioo ndicho kinachoamua ukubwa wa tundu. Hapo ndipo kosa la kwanza la biashara hii linapozaliwa.

Paa la gari la kisasa halikuwekwa kuzuia mvua tu. Chini ya bati la juu kuna mbavu za chuma zinazokwenda kutoka upande wa kushoto hadi wa kulia, zikiunganisha nguzo za milango. Gari likibiringika, mbavu hizo ndizo zinazozuia pande mbili zisikunjane. Chukua boksi la kadibodi lililofungwa juu, lisukume ubavuni, halafu likate sehemu ya juu ulisukume tena: mara hii litakunjika kirahisi. Kiwanda kinachouza gari lenye sanrufu hakikati tu tundu. Kinazungushia fremu ya chuma iliyobuniwa tangu mwanzo, kisha kinaliponda paa hilo kwenye mtambo ili kujua litabeba kiasi gani. Nchini Marekani kanuni ya mwaka 2009 ilipandisha kipimo hicho: paa la gari lisilozidi kilo 2,722 lazima lihimili mara tatu ya uzito wa gari lenyewe, wakati kanuni ya zamani, iliyoanza miaka ya 1970, ilitaka mara moja na nusu tu. Huku kwetu gereji inayokata ubavu wa kati ili kioo kipite haina mtambo wa kupimia, na mara nyingi haina hata mchoro wa kuonyesha mbavu ziko wapi. Fundi anazikuta akishafumua kitambaa cha ndani.

Si kwamba mafundi wetu hawajui kazi. Fundi mzuri wa popapu anaanza na fremu kabla ya kugusa grenda. Anachomelea bomba nene kuzunguka mahali pa tundu, analiunganisha na nguzo za milango, na kwenye gari la safari anashusha nguzo hizo hadi kwenye chasisi, ili gari likipinduka uzito uende chini badala ya kuwaangukia wageni. Arusha kuna kampuni zilizojijengea jina kwa kazi hiyo, Hanspaul Automechs ikiwa mojawapo, na gari lililopita kwenye karakana ya namna hiyo utalitambua ukiingia ndani na kutazama juu: bomba linaonekana, kona zina vibati vya kuimarishia, mshono wa kuchomelea umejaa. Gari la bei ya chini utaliona pia. Fremu yake ni bati lililokunjwa, mshono ni wa nukta nukta, na juu yake pamepakwa rangi nene kuficha.

Tofauti ya bei kati ya magari hayo mawili iko kwenye chuma na saa za kazi, vitu ambavyo mteja havioni. Anachokiona ni paa linalofunguka. Kwa hiyo ushindani unavisukuma vile visivyoonekana vipungue. Fundi anayeweka bomba zito anapoteza kazi kwa jirani yake aliyeliacha, na hakuna karatasi inayoweza kumwonyesha mteja kwa nini bei zimetofautiana. Kwa maoni yangu hili ndilo tatizo kubwa la soko hili, kubwa kuliko uhaba wa ujuzi. Ujuzi upo, VETA inafundisha uchomeleaji na ufundi magari, na mtaani wapo wazee wa kazi wenye mikono ya dhahabu. Kinachokosekana ni kitu cha kumfanya mteja alipie kile asichokiona.

Barabara za hifadhini haziwasamehe wanaobana chuma. Ukanda wa magharibi wa Serengeti una udongo mweusi wa mbuga unaonasa gari mvua ikinyesha, na kiangazi barabara zake za vumbi hujikunja mawimbi madogo madogo yanayotikisa kila nati. Mtikisiko huo ndio unaofungua mshono dhaifu. Makomeo ya popapu hulegea, shokapu za gesi zinazoliinua huisha nguvu, na paa zito hushuka ghafla juu ya vidole vya mtu aliyeshika ukingo. Kasi ya juu ndani ya hifadhi ni kilomita 50 kwa saa, na dereva mwadilifu huwaambia wageni waketi kabla ya kuondoa gari. Lakini anapowahi geti kabla ya muda kuisha, gari linakimbia watu wakiwa bado wamesimama, bila mkanda, nusu ya mwili ikiwa nje. Katika hali hiyo hata paa bora la Arusha halimsaidii aliyechomoza.

Sanrufu za kioo kwenye magari madogo zina hatari zake. Vioo vingi vya darini ni vya kukazwa kwa joto, aina ambayo ikivunjika hutawanyika chembe chembe badala ya vipande vikali. Vingine vina utando wa plastiki katikati, kama kioo cha mbele, na hivyo hubaki vimeshikamana hata vikipasuka. Kioo cha kukazwa kikikwaruzwa ukingoni, au kikibanwa na fremu isiyonyooka, hubeba jeraha lisiloonekana, kisha siku ya jua kali au barabara mbovu kinalipuka chenyewe. Jambo hili halikuanzia gereji za mitaani. Mwaka 2012 kampuni ya Hyundai iliyarudisha kiwandani magari yapatayo 13,500 ya Veloster yaliyouzwa Marekani kwa sababu vioo vyake vya darini vilidhoofishwa wakati wa kufungwa. Mwaka 2017 jarida la Consumer Reports lilihesabu malalamiko 859 ya vioo vya darini vilivyopasuka katika kumbukumbu za mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, yakirudi nyuma hadi mwaka 1995. Kama kiwanda chenye vipimo vya milimita kimeweza kudhoofisha kioo, kile kilichong'olewa kwenye gari la ajali, kikasafirishwa kwenye kontena na kubandikwa kwa silikoni kina maswali mengi zaidi ya kujibiwa.

Kuna pia mambo madogo yanayochosha mifuko. Sanrufu ya kiwandani ina mipira minne ya kupitishia maji, mmoja kila kona, inayoshuka ndani ya nguzo hadi chini ya gari. Mafundi wengi wa kuongezea huiruka. Mvua za Mwanza hazina utani, na maji yanayoingia hapo hutafuta nyaya, kompyuta ya gari na kapeti, kisha kutu huanza kula fremu ile ile iliyotakiwa kuokoa maisha. Nyaya za mota zinazounganishwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi zinaweza kuwaka moto. Na magari mengi ya miaka ya karibuni yana eabegi za pazia zilizofichwa kando ya paa. Anayekata bila kujua zilipo anaweza kuziharibu, au kuzifyatua usoni mwake.

Inafaa kukumbuka kwamba biashara hii ilianza hivi hivi kwingineko. Heinz Prechter, kijana Mjerumani, alianza mwaka 1965 kuwafungia watu sanrufu katika gereji huko Los Angeles. Baadaye alihamia Detroit, akazifungia kampuni za magari zenyewe, na kampuni yake ikawa kubwa. Alivuka kutoka gereji hadi kiwanda kwa sababu wateja wake wakubwa walitaka kazi iliyobuniwa na kupimwa, na walikuwa tayari kuilipia. Mafundi wetu wamekwama kwenye hatua ya kwanza kwa kuwa hakuna mteja mkubwa anayewauliza vipimo.

Anayeweza kuuliza ni bima. Bima ndogo ya gari binafsi, ambayo kwa miaka mingi imelipiwa shilingi 118,000 pamoja na VAT, hulinda watu wengine tu, kwa hiyo mwenye gari haulizwi lolote kuhusu paa. Lakini mwenye bima kubwa, hasa wa gari la watalii, amekata bima kwa gari lililoandikwa kwenye fomu. Msingi wa sheria ya bima ni kusema ukweli wote. Gari lililokatwa paa bila kampuni kuarifiwa linaipa kampuni hiyo sababu ya kukataa dai siku ya ajali, na hapo mwenye gari anabaki kuwakabili majeruhi kwa mfuko wake. TRA nayo, inayoshika kumbukumbu za usajili, hutakiwa kupewa taarifa ya mabadiliko ya bodi. Wenye Noah wengi wanaoendesha biashara ya siku moja ya Serengeti hawajafika kote kuwili.

Kuna njia ya kuanzia isiyohitaji kusubiri sheria mpya. Kampuni za bima zinaweza kumpa punguzo mwenye gari la safari atakayeleta picha za fremu zilizopigwa kabla kitambaa cha ndani hakijarudishwa, pamoja na karatasi ya fundi yenye jina lake, unene wa bomba na tarehe. TBS ina uzoefu wa kuandika viwango vya vitu vya kila namna, na kiwango cha fremu ya popapu hakihitaji mtambo wa Detroit. Kinahitaji kusema bomba la unene gani, nguzo ngapi, makomeo ya aina gani. Wakala wa utalii anayepeleka wageni Ndabaka anaweza kukataa gari lisilo na karatasi hiyo hata kabla TBS haijaandika neno. Fundi anayeweka bomba zito angepata kwa mara ya kwanza kitu cha kumwonyesha mteja anayelalamikia bei.

Kwa anayekodi gari wiki hii, ukaguzi wenyewe hauna gharama. Ingia, kaa kiti cha nyuma, tazama juu. Shika ukingo wa tundu uutikise. Funga na ufungue paa mara mbili usikilize makomeo. Angalia kama kuna nguzo ya chuma inayoshuka hadi sakafuni nyuma ya mlango wa mbele, na kama mikanda ya viti vyote inafunga. Muulize mwenye gari nani aliyekata paa na kama bima inajua. Akijibu vizuri, mlipe alichokuomba.